Usikimbilie Kuokota Mawe: Ushauri kwa Wenye Shamba la Changarawe Kajiado

Kila mtu wa Nairobi akinunua eka zake mbili tatu huko ukipita Isinya, ama upande wa Bisil, ama ukishuka Magadi Road, picha ya kwanza anatuma kwa grupu ya WhatsApp ni ya mawe. Na swali ni lile lile, wasee hii shamba ni changarawe tupu, natafuta vijana wa kuokota mawe, wanachaji ngapi kwa siku? Jibu langu huwa ni moja na kuna wenye hulikasirikia: wacha mawe hapo yalipo, kwanza jua una udongo kiasi gani katikati yake. Mimi kazi ya mshahara iko huku town lakini nafuga mbuzi na kukata nyasi kwenye udongo wa aina hio hio, kwa hivyo haya ninayoandika ni mambo nimeyashika kwa mkono na mengine nimeyasoma ili nielewe kile mkono ulikuwa unashika.

Tuelewane kwanza tunaongelea udongo gani. Huku Nairobi tumezoea aina mbili, ule mwekundu wa Kabete na Kikuyu ambao ukichomeka kijiti kinaota, na ule mweusi wa pamba wa Embakasi, Syokimau mpaka Kitengela, wenye kuvuta gumboti mvua ikinyesha na kupasuka nyufa za kumeza simu kukikauka. Ukiendelea na Namanga Road ukaacha zile tambarare nyeusi, miamba inabadilika, unaingia kwa miamba ya zamani sana yenye mishipa ya kwatzi, yaani lile jiwe jeupe gumu, na kwenye miinuko ndio unaanza kuona vijiwe vyeupe vimetapakaa juu ya udongo wa kahawia. Chukua ule udongo ulio katikati ya vijiwe, uloweshe kidogo, uufinye. Haunati kama ule mweusi na haumwagiki kama mchanga wa mto, unashikana donge halafu ukilisukuma na kidole gumba linavunjika. Hio ni tifutifu, yaani mchanganyiko wa mchanga, vumbi laini na mfinyanzi, na mfinyanzi wenyewe hauzidi kama robo hivi. Changarawe ni vile vijiwe kuanzia milimita 2 mpaka kama sentimita 7 na nusu, na wataalamu wanaupa udongo jina la changarawe mawe yakichukua asilimia 15 mpaka 35 ya ujazo wake. Yakipita 35 wanasema una changarawe nyingi, yakipita 60 basi hapo kaka una kwari, si shamba.

Sasa kwa nini mawe yabaki. Kwa zile sehemu tatizo si tu kwamba mvua ni kidogo, tatizo ni venye inakuja. Inakuja kwa fujo, kwa muda mfupi imemwaga yote, matone makubwa yanapiga udongo ulio uchi, chembe laini zinavunjika na kuziba vitundu, na jua likiwaka unapata ukoko mgumu ambao mvua inayofuata inateleza juu yake ikielekea kwa jirani. Jiwe likiwa juu ya udongo linapokea hilo pigo, maji yanazunguka pembeni yake na kuingia polepole, na baadaye linakaa kama kifuniko cha sufuria, unyevu wa chini hauruki haraka. Inua jiwe moja siku kadhaa baada ya mvua, na utumie kijiti tafadhali, nge nao wanapenda hapo hapo, utapata udongo chini yake bado una unyevu na pembeni pameshakauka kabisa.

Lakini si kila jiwe linasaidia, na hapa ndio watu wengi hawaangalii. Kuna jiwe limelala juu tu, ukilisukuma linasogea, na chini yake udongo uko huru na wadudu wanatembea. Hilo ni rafiki. Halafu kuna jiwe limezama ndani ya ukoko, ukiling'oa linaacha shimo lenye umbo lake safi kabisa, hilo halisaidii maji kuingia, linafanya kazi moja na ukoko wenyewe, yaani ni kama umeweka sakafu. Ukiona shamba lako lina hayo ya pili mengi, dawa ni kuvunja ukoko kidogo kidogo kwa fokojembe kwenye mstari unaokata mteremko kwa usawa, si kuyaokota. Na kuna alama nyingine ya kuangalia: vijiwe vilivyosimama juu ya vijinguzo vidogo vya udongo, sentimita moja ama mbili, huku udongo wa pembeni umeshuka. Hio inamaanisha mvua imekuwa ikila udongo na imeacha tu ule uliokingwa na jiwe. Watu husema eti mawe yanaota huku kila mwaka yanaongezeka, mawe hayaoti, ni udongo unaondoka na mawe yanabaki yakihesabika.

Kuna jirani yangu, naye wa kutoka huku huku town, aliokotesha mawe yote akayapanga ukutani vizuri sana, akaleta trakta ya diski ikapindua kila kitu, shamba likakaa smati kama uwanja wa shule. Hio ilikuwa kabla ya ile masika ya 2024, na unajua venye mvua ya 2024 ilikuja, Nairobi yenyewe ilifurika. Kwake ilitoka na udongo wa juu wote ikachimba korongo ambalo sasa mbwa akiingia humwoni. Ule ukuta wa mawe lakini uko imara, sifa zake apewe.

Basi kabla hujaita vijana wala trakta, pima. Watu wanadhani kupima udongo wa mawe ni shida kwa sababu huwezi kupigilia kopo ndani ukatoa sampuli safi, kumbe kuna njia rahisi sana. Chimba shimo dogo upana wa karai na kina cha kama sentimita 20, udongo wote uliotoka uweke kwa gunia usipoteze hata kidogo. Tandaza mfuko wa nailoni ndani ya shimo ukae vizuri ukutani, halafu mimina maji kwa jagi lenye alama mpaka yafike usawa wa ardhi. Hizo lita ndio ukubwa wa shimo lako. Sasa anika ule udongo ukauke, uuponde madonge, uuchekeche kwa waya wenye matundu madogo ya kama milimita 2, jua kali wa Kamukunji watakutengenezea chekeche ya hivyo bila maneno mengi. Yale mawe yaliyobaki juu yaoshe, yatie kwa ndoo yenye maji uliyoweka alama, uone maji yamepanda lita ngapi. Shimo likiwa lita 10 na mawe yamepandisha lita 3, una asilimia 30. Fanya hivyo sehemu kadhaa za shamba, juu ya mgongo wa mlima, katikati ya mteremko na kule chini, kwa sababu utapata nambari tofauti kabisa, huko chini mara nyingi ndio udongo laini umeenda kukaa.

Hio nambari ina maana gani? Jiwe la kwatzi halihifadhi maji. Tifutifu safi inaweza kushika kama milimita 150 za maji ya mmea kutumia kwa kila mita moja ya kina. Sema udongo wako una kina cha sentimita 40 kabla ya kugonga mwamba, hio inafaa kuwa milimita 60, lakini toa asilimia 30 ya mawe unabaki na 42. Jua la Januari pale Kajiado na upepo wake linaweza kuondoka na milimita 5 kwa siku bila shida, kwa hivyo tangi la shamba lako likijaa kabisa mahindi yana kama wiki moja na siku moja hivi kabla halijakauka kabisa, na yataanza kulia hata mapema kuliko hapo. Ndio maana mimi husema mahindi huko ni kamari, na unacheza na mwenye kasino.

Sasa kitu kinachoshangaza ni kwamba mvua ndogo, zile za milimita 5 ama 10, udongo huu unazitumia vizuri kuliko ule mweusi. Milimita 10 kwa eka moja ni kama lita 40,000, na kwenye tifutifu iliyokauka bila mawe zitalowesha kama sentimita 6 au 7 za juu tu, halafu jua linazivuta kesho yake. Ukiwa na asilimia 30 ya mawe yale maji hayana pa kukaa kwenye jiwe, yanashuka zaidi, yanafika karibu sentimita 10, mahali jua haliyafikii kirahisi lakini mizizi ya nyasi inayafikia. Kwa hivyo usikubali mtu akudharau, kwa nyasi na miti ya huko udongo wa changarawe ni mzuri mwaka wa shida. Mwaka wa mvua kubwa ndio mwenye ule udongo mweusi anakupita, kama ana mahali pa kutoa maji yakizidi.

Lile shimo lichimbe zaidi uangalie kitu kingine. Geuza mawe ya chini, yale ya sentimita 30 kwenda chini, uangalie tumbo lake. Ukikuta ukoko mweupe umeshika upande wa chini wa jiwe, dondoshea siki ama maji ya ndimu. Ikitoa povu hio ni chokaa ya asili, na imekaa hapo kwa sababu maji ya mvua huishuka nayo mpaka pale yanapoishia kwa kawaida halafu yanakauka na kuiacha. Yaani hio mistari myeupe inakuonyesha mvua ya huko huwa inafika kina gani, miaka nenda miaka rudi, bila kulipa mtu. Na inakuambia pia usinunue ile chokaa ya kilimo ya magunia ambayo maagroveti huuzia watu wa Kiambu wenye udongo wa asidi, hapa utakuwa unaongeza chumvi kwa bahari (na mchungwa wako utageuka majani manjano kwa sababu madini ya chuma na zinki yanafungiwa). Kama hakuna povu popote usikisie, peleka sampuli, huo udongo wa kwatzi wakati mwingine unakuwa na asidi kidogo.

Nikisema maabara, KALRO Kabete, ile taasisi ya serikali ya utafiti wa kilimo na mifugo, wanapima udongo, si mbali na mtu wa Nairobi hata kwa matatu. Lakini soma ripoti ukiwa na akili ya mawe. Maabara yoyote huchekecha sampuli kwanza, kila kitu kilichozidi milimita 2 kinatupwa, kinachopimwa ni ule udongo laini peke yake. Ni sawa, ndivyo inafaa. Shida ni kwamba wewe ukienda kuzidisha mambo kwa eka unahesabu kama shamba lote ni huo udongo laini. Ripoti ikikuambia naitrojeni iko hivi ama mbolea weka kiasi hiki kwa eka, na wewe una mawe asilimia 30, toa karibu theluthi kabla hujalipa dukani. Kuweka kamili ni kutupa pesa, na kwenye udongo unaopitisha maji haraka hivi naitrojeni ya ziada inashuka na mvua ya kwanza kubwa. Ni hivyo hivyo na wale wanaokuja na hesabu za kaboni ya udongo, mwulize kwa heshima, ndugu yangu, mawe umetoa?

Kwa kupanda, mimi ni mtu wa nyasi na sifichi. Boma Rhodes inasifiwa sana na iko poa mahali pana mvua ya kutosha, lakini kwa udongo mkavu wa changarawe nyasi za kienyeji ndio zinabaki zimesimama: Cenchrus ciliaris, Eragrostis superba, Enteropogon macrostachyus. Hizo ndizo watafiti wa malisho wa kituo cha Kiboko na wakulima wa Ukambani wamepanda miaka mingi. Mbegu yake ni nyepesi kama manyoya, ukiifukia zaidi ya sentimita 2 umeizika, inataka kufunikwa kidogo tu, na hapo vijiwe vinakusaidia tena kwa sababu mbegu inaingia kwenye vipenyo kati ya jiwe na jiwe, ndege hawaioni na unyevu unakaa. Usinunue mbegu iliyovunwa juzi, nyingi huwa zinalala miezi kadhaa kabla ya kukubali kuota, muulize muuzaji ilivunwa lini. Panda kwa ukavu kabla mvua ya Oktoba haijafika, usingoje mpaka udongo uloane, huko mvua haikungoji na wewe.

Pahali palipo wazi kabisa piga nusu mwezi, yaani shimo lisilo na kina kubwa, tuta lake liko upande wa chini wa mteremko na mdomo umeelekea juu, maji yakishuka yanaingia na kukaa. Mawe makubwa ndio hapa yana kazi, yapange mgongoni mwa tuta lisivunjike. Kuchimba kwa udongo huu ni mtaimbo na sululu, usidanganywe na bei ya mtu aliyezoea kuchimba Kikuyu, na usichimbe Agosti kama unaweza kungoja mvua kidogo ilainishe.

Baada ya nyasi kushika, vita kubwa ni mifugo kuingia mapema. Wamaasai walikuwa na hii kitu kitambo, olopololi, sehemu ya malisho inayofungwa ibaki ya ndama na wanyama wagonjwa wakati wa kiangazi. Mimi nimefunga sehemu yangu hivyo hivyo na mzee jirani ndiye alinionyesha mpaka wa kuweka, akaniambia, kijana, mbuzi akiona kijani hasikii fensi. Msimu wa kwanza sikuruhusu mbuzi kabisa, nilingoja nyasi zitoe mbegu na zimwage ndio nikakata. Udongo wa mawe ukikanyagwa ukiwa na maji, vijiwe vinazama na unarudi kwa ule ukoko wa sakafu niliosema pale juu, kwa hivyo hata ukianza kulisha, waingize kukiwa kumekauka na uwatoe nyasi ikiwa bado na urefu wa ngumi. Na boma la kulala usiliache mahali pamoja milele. Mbuzi wakilala mahali kwa muda halafu ulihamishe, pale palipobaki samadi panaota kijani ambayo utaiona kutoka barabarani, na miaka mingi baadaye bado panaonekana. Udongo huu una njaa ya mboji kuliko kitu kingine chochote, hio ndio njia ya bei rahisi ya kuulisha. Sukuma wiki yangu iko kwenye boma la zamani, sijawahi kuinunulia mbolea.

Miti nayo, chimba shimo kubwa, futi mbili kwa futi mbili, mawe uliyotoa yarudishe juu kuzunguka mche baada ya kupanda. Mukau, ule mti wa mbao wa Ukambani, unapenda udongo usiotuamisha maji kama huu, na oltepesi, ule mgunga wenye kivuli kama mwavuli, huota wenyewe ukiukinga tu na mbuzi. Mchwa ndio watakusumbua kwa miche midogo, hasa kiangazi, kwa hivyo usijaze majani makavu yakagusa shina.

Mambo ya kujenga nitapita haraka: msingi wa nyumba hapa ni rahisi kuliko Kitengela, huchimbi kutoa udongo mweusi ujaze maramu, maramu unayo tayari. Choo cha shimo ndio kitakutoa jasho. Nguzo za fensi fundi atakuchaji kwa shimo, kubali, kwa sababu nguzo ikishaingia na mawe yakashindiliwa pembeni haitikisiki.

Lakini silanga, yaani bwawa la kuchimba la kukusanya maji ya mvua, tafadhali. Kila mtu akiona jirani wa udongo mweusi ana silanga imejaa naye anataka ekskaveta. Udongo wa changarawe haushiki maji, utachimba, itanyesha, utapiga picha, na baada ya wiki mbili utakuwa na shimo kavu la bei kali. Kama lazima, weka hesabu ya karatasi nzito ya kutandika chini tangu mwanzo, na fensi ya kuzuia ng'ombe wasiitoboe. Mimi niliamua kutumia paa. Mabati ya mita 60 za mraba mahali panaponyesha milimita 500 kwa mwaka yanakupa lita 30,000 kwa hesabu tu, ukitoa zinazomwagika na kuruka kando hesabu kama 24,000, na zinakuja kwa vipindi viwili, Machi mpaka Mei na Oktoba mpaka Desemba, kwa hivyo tangi la lita 10,000 linajaa, linatumika, linajaa tena. Gata ndio watu husahau kusafisha, na zile mvua za kwanza za Oktoba hubeba vumbi lote la kiangazi pamoja na kinyesi cha ndege, kwa hivyo weka bomba la kumwaga maji ya kwanza kando kabla ya kufungulia tangi.